Lisemwalo Lipo? Na Tulipime Kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu nipate kutoa rai yangu juu ya jambo ambalo naona lawahusu wanafunzi, walimu na wazazi pia. Rai yangu ni hii: kila mwanafunzi wa shule yetu, awe wa sayansi au wa sanaa, yafaa ajifunze misingi ya kupima dhana kwa takwimu kabla hajaondoka hapa. Wengi wetu twadhani takwimu ni kuchora grafu na kutafuta wastani ili tupate maksi. Lakini kazi yake kubwa ni kutusaidia kujibu swali moja: je, jambo hili tulionalo lina sababu, au limetokea kwa bahati tu?

Wazee wetu husema lisemwalo lipo. Mimi siwapingi, ila naongeza: na lipimwe. Nitaeleza jinsi linavyopimwa kwa mfano wa wali, maana hapa Usevya hakuna asiyeujua mpunga.

Tuseme mtu anadai kwamba akionja wali tu, atatambua upi ni mchele wa kwetu na upi ni wa Kyela. Tupike sufuria mbili kwa namna moja, tupakue sahani nane, nne za mchele huu na nne za mchele ule. Mpangilio wa sahani tuuamue kwa kura, naye asiambiwe. Kisha aonje zote, achague nne ambazo yeye ataziita za kwetu. Sisi twaanza kwa kushika dhana kwamba hajui lolote, anabahatisha tu. Hiyo ndiyo dhana tunayoiweka kizimbani.

Kuna njia 70 za kuchagua sahani nne katika nane, na njia moja tu ndiyo sahihi kabisa. Basi mwenye kubahatisha atazipata zote mara 1 katika 70, yaani kama asilimia 1.4. Mtu akizipata zote, ni vigumu kusema amebahatisha. Lakini je, akipata tatu na kukosa moja? Njia za kupata hivyo ni 16; ukijumlisha na ile moja ya kupata zote ni 17 katika 70, asilimia 24 hivi. Hiyo ni karibu mara moja katika kila mara nne! Kwa matokeo hayo hatuwezi kumpigia makofi. Wala hatujathibitisha kwamba ni mwongo.

Jaribio la namna hii si langu. Mwingereza R. A. Fisher, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1935, naye alitumia vikombe vya chai ya maziwa. Desturi iliyoenea tangu zama zake ni kuikataa dhana ya bahati pale ambapo bahati peke yake ingeleta matokeo kama yale, au yaliyozidi, chini ya mara 5 katika 100. Hiyo ni desturi ya watu, si amri. Na kiwango huwekwa kabla ya kuonja, si baada ya kuona matokeo.

Huenda msomaji akauliza, mambo ya wali yana faida gani? Basi na tutazame tembo. Sisi tulio jirani na Hifadhi ya Taifa ya Katavi twajua kwamba haiwezekani kumhesabu kila mnyama porini. Mara nyingi ndege huruka kwa kufuata mistari iliyopangwa, tembo walio katika vipande hivyo huhesabiwa, kisha idadi ya eneo zima hukadiriwa. Huko Ruaha na Rungwa, makadirio ya mwaka 2013 yalikuwa tembo 20,090, na ya mwaka 2014 yalikuwa 8,272. Idadi hiyo ilitiliwa shaka, hesabu ikarudiwa mwaka 2015, ikaleta 15,836. Tembo hawazaani upesi kiasi hicho! Ni dhahiri kwamba sehemu ya tofauti hizo ilitokana na kuhesabu kwenyewe, au na nyendo za wanyama. Idadi itokayo katika sampuli, isipotajwa pamoja na kadiri inavyoweza kukosea, ni nusu ya habari.

Lakini mtu asije akasema kwamba basi takwimu hazina maana. Kwa nchi nzima, makadirio yalishuka kutoka tembo karibu 109,000 mwaka 2009 hadi karibu 43,000 mwaka 2014. Upungufu mkubwa namna hiyo hauwezi kuitwa bahati ya hesabu. Mpimaji aweza kukosea kwa njia mbili: kupiga yowe pasipo na mwizi, au kulala mwizi akiwa ndani. Hatuna budi kuyaogopa makosa yote mawili.

Nayo hayapo porini tu. Watoto wawili wa nyumba moja wakiugua baada ya bibi fulani kupita, wapo watu ambao mara moja humwita mchawi. Je, nani amehesabu nyumba alizopita na watoto wakabaki wazima? Nani amehesabu nyumba ambazo hakupita kabisa, na watoto wakaugua? Dhana haijapimwa, lakini hukumu imekwisha kutolewa, na mwenye kuumia ni ajuza asiye na mtetezi. Kijana aliyesoma akinyamaza hapo, elimu yake imewafaa nini watu wake?

Wengine watasema muhula ni mfupi na masomo ni mengi. Mimi nasema alasiri moja yatosha kuanza. Nawaomba walimu wetu wa hesabu waturuhusu tufanye jaribio la sahani nane siku ya wazazi, na wazazi wenyewe ndio waonje. Atakayezipata zote nne tutampongeza kwa haki. Atakayekosa atakwenda nyumbani ameshiba, naye atakuwa amejifunza jambo.

Mimi wenu,
Mwanafunzi, Usevya