Kipakatalishi cha chuo: Tazama namba, si kibandiko

Juzi nikiwa mjini Homa Bay nilimkuta mama mmoja muuza omena amefunga kipakatalishi kwa leso mithili ya mtoto mchanga. Bintiye alikuwa ameitwa Chuo Kikuu cha Rongo, kule Migori, na mama alikuwa amemaliza akiba yake yote. "Mwanangu," akaniambia, "mwenye duka ameapa hiki ni Core i5. Kitatosha miaka minne."

Nilikiwasha nikatazama maelezo ya mashine. Core i5 ilikuwa, naam, lakini namba kamili ilisomeka i5-6300U. Nikanyamaza kidogo.

Unajua, msomaji, jina Core i5 limekuwa sokoni tangu mwaka 2009. Kibandiko pekee hakikuambii umri, sawa na kuambiwa gari ni Toyota ukalinunua bila kuuliza liliundwa mwaka gani. Umri umo katika tarakimu inayofuata kistari. Sita ni kizazi cha sita, cha mwaka 2015. Nane ni kizazi kilichoanza mwaka 2017, na ukiona 10 au 11, bora zaidi. Mbona nang'ang'ania nane? Kwa sababu Windows 11 rasmi haivikubali vizazi vya chini ya hapo, isipokuwa mashine chache mno, nayo Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Fundi anaweza kuiingiza Windows 11 kwa hila, lakini hapo huna hakika ya kupata masasisho ya usalama. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aanze safari hivyo?

Si kwamba mitumba ni mibaya. La hasha! Mashine zilizotoka maofisini ng'ambo, kama vile ThinkPad, Latitude na EliteBook, aghalabu ni imara kuliko mpya za bei hiyo hiyo. Mimi ningetafuta ThinkPad T480, namba ikishahakikishwa: ina betri mbili, na ya nyuma huchomolewa na kubadilishwa bila bisibisi. Stima ikipotea usiku wa kuamkia mtihani, utanikumbuka. RAM isipungue gigabaiti 8, na hifadhi iwe SSD, si diski ya kuzunguka.

Kabla ya kutoa pesa, kaa na mashine dukani nusu saa. Muuzaji akinuna, mwache anune. Chomoa chaja. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha linganisha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Ukiwa umeshuka chini ya nusu, dai punguzo au uondoke. Bonyeza kila herufi. Zima, uwashe tena: ikidai neno la siri hata kabla ya Windows kufunguka, irudishe, kwani huenda mwenyewe wa kwanza aliifunga.

Nilirudi dukani na yule mama. Baada ya mabishano, muuzaji alikubali kubadilisha, ila kwa nyongeza. Mama akafungua fundo la leso, akahesabu noti moja moja juu ya kaunta.

"Hizi zilikuwa za godoro," akasema.