Mpelelezi wetu ni kogo, tumwandike

Mwaka 2025 Netflix ilitoa filamu ya The Thursday Murder Club, kutokana na riwaya ya Richard Osman iliyochapishwa 2020. Wapelelezi wake ni wazee wanne wa makao ya wastaafu Uingereza, ambao kila Alhamisi huchambua kesi za mauaji zilizowashinda polisi. Kabla yao alikuwepo Miss Marple wa Agatha Christie, bibi wa kijijini anayefuma huku akisikiliza kila mtu. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1930 na bado inasomwa.

Swali langu kwa vijana wenzangu wa Kericho na Bomet: kwani sisi hatuna wazee?

Tunao, ila katika stori zetu nyingi ajuza huwa mchawi, au mgonjwa wa kuchangiwa pesa za hospitali. Hapewi nafasi ya kufikiri.

Miss Marple hana bunduki wala maabara. Anajua watu, basi, na watu humdharau kiasi cha kusema mambo yao mbele yake. Sasa mfikirie kogo wa Litein au Mogogosiek. Akingoja majani yake yapimwe kwenye kituo cha kununulia majanichai, anasikia kila kitu. Anajua nani amepeleka kilo nyingi kuliko shamba lake linavyoweza kutoa. Bonasi ikilipwa, anajua nani kanunua pikipiki kwa pesa zisizo za chai. Mwandishi atake nini tena?

Na hili si suala la burudani tu. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliwafurusha watu wa ukoo wa Talai kutoka Kericho ikawapeleka Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Waliporuhusiwa kurudi 1962, ardhi kubwa ya Wakipsigis ilikuwa mashamba ya chai ya wageni. Agosti 2022 jamii hizi ziliishtaki Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Madai kama haya hayawezi kutegemea karatasi pekee, maana karatasi nyingi ziliandikwa na waliowafukuza. Yanahitaji mtu anayekumbuka boma lilikuwa wapi na nani alizikwa wapi. Waliokulia Gwassi sasa ni wakongwe, na kila tukizika mmoja tunazika ushahidi.

Wapo watakaosema riwaya hizi ni nyepesi, kwamba zinageuza mauaji kuwa mchezo. Ni nyepesi kweli, na ndiyo maana zinasomwa. Lakini msomaji akishazoea kuamini akili ya bibi kitabuni, hatamkatiza kogo wake akianza kusimulia mambo ya zamani.

Kiswahili chenyewe si kigeni katika upelelezi. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Kilichobaki ni sisi kumpa kogo kesi yake.

Likizo hii, weka simu kando kidogo, umuulize kogo nani alipanda ule mti ulio mpakani na kwa nini majirani hawasalimiani. Akikubali, mrekodi. Sura ya kwanza utakuwa nayo kabla chai haijapoa.