Mpaka Usitugawe



Mchungaji Michael D. Jones wa Wales aliwapinga makabaila waliowafukuza wakulima mashambani. Aliona pia kwamba wenzake waliohamia Marekani walitawanyika, wakapoteza lugha yao. Dawa yake ilikuwa kuhama pamoja. Mwaka 1865 watu wapatao 150 walipanda meli ya Mimosa, wakaanzisha makazi yao Patagonia, Argentina. Lugha yao ingali ikisemwa huko. Lakini ardhi ile ilikuwa ya Tehuelche.

Sisi wa Busia na Tororo tujifunze umoja wao, si kutwaa ardhi ya wengine. Wasamia na Wateso wako pande zote mbili za mpaka. Nani mgeni hapa? Hata hivyo, mwaka 1970 serikali ya Obote iliwafukuza Uganda maelfu ya wafanyakazi wa Kenya. Asiye na mtetezi ng'ambo hufungashwa virago.

Tangu mwaka 2010, Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki inatambua haki ya mfanyakazi kuvuka mpaka kutafuta kazi. Lakini haki ya karatasi haijitetei. Vyama vyetu vikubaliane: mwenye kadi ya chama Kenya atetewe Uganda, na wa Uganda atetewe Kenya.

Umoja ni nguvu!