Ajali Haina Kinga? Tunakataa

Upo msemo unaosikika katika misiba yetu kuliko aya yoyote ya Biblia: ajali haina kinga. Fundi ameanguka kutoka juu ya paa, kibarua amefukiwa na udongo ndani ya shimo la choo, dada wa usafi hospitalini amechomwa na sindano iliyotupwa ovyo; na kabla mtu hajauliza ilikuwaje, hukumu imeshatolewa. Ajali haina kinga. Siku yake ilikuwa imefika. Kazi ya Mungu haina makosa.

Sisi tunaukataa msemo huo. Hatuukatai kwa sababu tuna shaka na uweza wa Mungu, bali kwa sababu jina lake linatumika kuwaficha watu. Aliyeanguka hakuwa na mkanda, na yuko mtu aliyepaswa kuununua. Kuta za shimo hazikuwa zimeegemezwa kwa mbao, na yuko mtu aliyeamuru lichimbwe hivyo hivyo. Kumbebesha Mungu lawama ya mtu huyo ni kulitaja bure jina lake, hata kama tunalitaja tukiwa tumevaa nguo nyeusi na kushika vitabu vya nyimbo.

Maandiko yenyewe hayazungumzi hivyo. Tufungue Kumbukumbu la Torati 22:8. Mwenye kujenga nyumba anaagizwa aweke ukingo kuzunguka dari, asije akajiletea hatia ya damu mtu akianguka kutoka juu. Tuangalie mpangilio wa agizo hilo. Ukingo unajengwa kabla mtu hajaanguka. Anayeagizwa ni mwenye nyumba, si mpita juu yake. Wala haliulizwi swali kama aliyeanguka alikuwa mzembe, amechoka, au alikuwa na haraka. Mungu anajua kwamba wanadamu huteleza, na kwa sababu hiyo anamtaka mwenye mamlaka ya nyumba aweke kizuizi. Katika Kutoka 21 yumo aliyechimba shimo akaacha kulifunika: mnyama wa mwenzake akitumbukia, mchimbaji hulipa. Ikiwa ng'ombe na punda walilindwa hivyo, je, kijana wa watu aliyeshushwa kisimani kwa kamba moja?

Sheria ya nchi inasimama karibu sana na Torati hiyo. Tanzania Bara tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Wakala wa kuisimamia, OSHA. Inamtaka mwajiri asajili mahali pa kazi, atambue hatari zilizopo, awape wafanyakazi mafunzo na vifaa vya kujikinga kwa gharama yake, na atoe taarifa ajali inapotokea. Mzigo wa kwanza umewekwa juu ya anayepanga kazi na kushika fedha, kwa sababu yeye ndiye mwenye uwezo wa kubadilisha mambo. Kibarua hawezi kuahirisha kazi siku ya mvua, msimamizi anaweza. Kibarua hawezi kuamua jukwaa lijengwe kwa miti iliyooza au kwa mabomba ya chuma. Mwenye bajeti anaweza.

Hapa tuseme wazi: kanisa nalo ni mwajiri. Lina shule, zahanati, hospitali, hosteli, mashamba na viwanda vya uchapaji. Karibu kila usharika una ujenzi usiokwisha. Sheria haikutoa msamaha kwa mwajiri eti kwa sababu anafungua siku kwa sala. Kama tunamkemea mwenye kiwanda anayewafungia wafanyakazi mlango wa dharura, hatuwezi kunyamaza mafundi wanapotembea juu ya mbao za paa la kanisa wakiwa na kandambili miguuni.

Tunajua majibu yanayotolewa. La kwanza ni kwamba fedha hakuna. Lakini fedha za kengele zilipatikana, na za vigae, na za viti vya wageni siku ya uzinduzi. Mkanda wa usalama na kofia ngumu havigharimu kama mnara. Kisichokuwapo ni mstari wa usalama katika bajeti, na mstari huo haupo kwa sababu hakuna aliyesimama kwenye kikao akauomba.

Jibu la pili: mafundi wenyewe hawataki kuvaa, wanasema wanasikia joto. Ni kweli wapo. Lakini kofia na glavu ni kinga ya mwisho, si ya kwanza. Kwanza huondolewa hatari yenyewe. Ikishindikana, huwekwa kizuizi kati yake na mtu. Kisha ndipo mtu huvalishwa. Shimo lenye kina halihitaji kofia kwanza, linahitaji kuta zilizoegemezwa, maana mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito unaozidi tani moja, na hakuna kifua kinachoweza kuvuta pumzi chini yake. Pampu ya petroli haipaswi kushushwa kisimani alimo mtu, kwa sababu moshi wake huua kimya kimya. Mambo hayo hayategemei utii wa fundi. Yanategemea akili na dhamiri ya anayemtuma.

Jibu la tatu ndilo baya kuliko yote, kwa kuwa limevaa kanzu: hii ni kazi ya Mungu, Mungu atawalinda watumishi wake. Tumsome Mathayo sura ya 4. Mjaribu alimweka Yesu juu ya kinara cha hekalu, akamwambia ajitupe chini kwa kuwa malaika watampokea. Alikuwa na andiko la kutaja. Yesu alikataa, akasema imeandikwa pia kwamba Mungu hajaribiwi. Basi anayempandisha kijana juu ya paa la nyumba ya ibada bila kamba wala ukingo, akimwambia Mungu atamshika, ajiulize maneno hayo aliyasema nani kwanza. Imani hufunga mkanda kwanza, kisha huomba.

Misiba mikubwa imetufundisha yote haya kwa bei kubwa. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi jijini Dar es Salaam liliporomoka, na watu 36 wakafa. Kabla mwezi haujatimia, tarehe 24 Aprili, nchini Bangladesh likaanguka jengo la Rana Plaza lenye viwanda vya nguo. Siku moja kabla, nyufa zilikuwa zimeonekana ukutani. Benki na maduka ya chini yalifungwa. Washonaji wakaamriwa warudi kazini. Zaidi ya watu 1,100 walikufa. Wazee wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Pale hata ukuta haukujengwa, yalichimbwa makaburi. Nani atasema ufa ulioonekana jana ni ajali isiyo na kinga leo?

Tena tuseme juu ya rambirambi. Fundi akifa, usharika huchanga, kwaya huimba, bahasha hukabidhiwa kwa mjane mbele ya jeneza. Ni vizuri, na tuendelee kuchanga. Lakini rambirambi ni huruma, na fidia ni haki. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha Mfuko ambao mwajiri anauchangia kutoka mfukoni mwake, bila kukata mshahara wa mtu, ili aliyeumia atibiwe na wategemezi wa aliyekufa walipwe. Mwajiri asiyechangia, kisha akaja msibani na bahasha, amemnyima mjane haki yake na kumpa sadaka. Mjane atamshukuru, naye atapiga picha. Mungu haoni picha hiyo kama sisi tunavyoiona.

Kwa hiyo tunadai, na tunadai tukianzia nyumbani mwa Bwana. Jiwe la msingi lisiwekwe kabla eneo la ujenzi halijasajiliwa na kabla halijatajwa jina la mtu mmoja anayewajibika kwa usalama. Kamati nzima ikiwajibika, hawajibiki mtu. Kila bajeti ya ujenzi iwe na fungu la usalama, na fungu hilo lisihamishiwe kwenye rangi. Anayejitolea siku ya Jumamosi alindwe sawasawa na anayelipwa, kwani mfupa wake huvunjika vilevile. Fundi anayesema "hapa pana hatari" asikilizwe, asifukuzwe kwa kukosa imani. Na kila mkutano mkuu wa usharika, baada ya taarifa ya mapato na matumizi, isomwe taarifa ya walioumia.

Washarika wenzetu, mnayo sauti katika mikutano hiyo. Mkiulizwa kama mna swali juu ya ujenzi, msiulize tu paa litakamilika lini. Ulizeni walio juu yake wamefungwa na nini.