Treni ya Lobito inasonga, makaratasi yanabaki Dilolo

Tangu miaka michache hii, kila mkubwa anayepita Kolwezi ama Lubumbashi anazungumzia Lobito. Wanahesabu kilomita za reli, vichwa vya treni na mamilioni ya dola. Hakuna ubaya, kwani bila chuma hakuna reli. Lakini kuna kitu kimoja kisichoonekana kwenye picha za sherehe, nacho ndicho kitaamua kama njia hii itailetea Congo faida ama itabaki mlango wa kutolea mali yake tu. Kitu hicho ni habari za mzigo: nani anaziandika, zinapitia wapi, na kama zinafika mpakani mbele ya treni ama nyuma yake.

Njia yenyewe si mpya. Ruhusa ya kuijenga upande wa Angola ilitolewa mwaka wa 1902 kwa Robert Williams, Mwingereza aliyekuwa akitafuta njia fupi ya kutoa shaba ya Katanga. Reli ilifika mpaka wa Congo mwaka wa 1929, na ikaungana na ile ya Katanga mwaka wa 1931. Vita vya Angola, vilivyoanza mwaka wa 1975, viliifunga kwa miaka mingi. Wachina waliijenga upya hadi Luau, kilomita 1.344 kutoka Lobito, na mwaka wa 2015 ikafunguliwa tena. Leo upande wa Angola uko mikononi mwa kampuni ya Lobito Atlantic Railway, ambamo Trafigura, Mota-Engil na Vecturis wameshirikiana kwa mkataba wa miaka 30. Upande wa Congo, kutoka Dilolo mpaka Kolwezi, ni zaidi ya kilomita 400 za SNCC, na kila mkaaji wa Lualaba anajua hali yake.

Mwisho wa mwaka wa 2023, shehena ya majaribio ya shaba ya mgodi wa Kamoa-Kakula ilitoka Kolwezi ikafika Lobito kwa siku 8. Habari hiyo ilishangaza wengi, kwani lori linalokwenda Durban na kurudi linaweza kumaliza zaidi ya mwezi mzima barabarani. Siku 8 lakini zilikuwa za treni moja ya majaribio, ambayo wakubwa wote walikuwa wanaifuata kwa simu. Swali ni treni ya mia mbili, ile isiyofuatwa na mtu.

Kwenye mpaka wa Dilolo na Luau, treni inatoka mikononi mwa kampuni moja ya reli na kuingia mikononi mwa nyingine. Inatoka chini ya duane moja na kuingia chini ya nyingine. Inatoka katika Kifaransa na kuingia katika Kireno. Kila behewa lina karatasi zake: barua ya mzigo ya reli, tamko la duane, cheti cha OCC, karatasi za madini, na orodha ya treni nzima. Pale ambapo karatasi hizo zinasafiri pamoja na treni, afisa wa upande wa pili anaanza kuzisoma siku ile treni inafika. Halafu anaziandika upya katika ordinatere yake, namba kwa namba. Tarakimu moja ikikosewa, behewa ambalo liko pale, linaloonekana kwa macho, linakuwa halipo katika mashini.

Hapa ndipo treni inapotofautiana na lori, na ni jambo ambalo wanasiasa wengi hawajalielewa. Lori likikosa karatasi Kasumbalesa, linasukumwa pembeni na mengine yanapita. Dereva analala chini ya lori lake, anapika ugali wake, anangoja. Treni haina pembeni. Katika treni ya mabehewa 40, behewa la 17 likiwa na kasoro, kuna njia mbili tu: mabehewa 39 yasiyo na kosa yanangoja pamoja nalo, ama kitafutwe kichwa cha treni cha kulivuta, pamoja na njia ya kando ya kuliweka. Na likibaki, mwenyewe atalipata lini? Mzigo wake utaungana na treni gani? Meli iliyokuwa inaungoja Lobito haitangoja.

Kuna deni jingine ambalo halisemwi. Katika desturi za reli, kampuni inayokaa na behewa la mwenzake inalilipia kwa siku. Ni habari za mpakani ndizo zinazosema behewa liliingia siku gani, saa ngapi, na lilirudi lini. Mwenye daftari iliyo wazi ndiye analipwa. SNCC, ambayo wafanyakazi wake wamelalamika miaka na miaka juu ya mishahara ya nyuma, haiwezi kukubali kuwa upande unaohesabu kwa kalamu mbele ya kampuni inayohesabu kwa mashini.

Dawa inajulikana, wala si uchawi. Treni ikifungwa Kolwezi, kabla haijaanza kutembea, ujumbe mmoja unatumwa: namba ya kila behewa, namba ya kifungo cha duane kwenye kila kontena, uzito, aina ya mali, mtumaji na mpokeaji. Luau na Lobito wanaupata saa ileile. Duane ya Angola inakuwa na muda wote wa safari wa kuchunguza, kuchagua behewa la kufungua na kuuliza maswali. Treni ikifika, kazi inayobaki ni kuhakikisha kwamba vifungo havijakatwa na namba ni zilezile. Hata lugha si kizuizi kikubwa vile watu wanavyodhani. Mali zote duniani zina namba moja ya duane: shaba iliyosafishwa ya vibao ni 7403.11, mchanga wa shaba ni 2603.00, kiberiti kinachoingia kwa ajili ya viwanda vya madini ni 2503.00. Afisa wa Luau asiyejua neno moja la Kifaransa anasoma namba hiyo na anaelewa kila kitu.

Tena, inchi hizi hazianzii sifuri. Duane ya Congo, DGDA, inatumia SYDONIA World, programu iliyotengenezwa na CNUCED, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia biashara na maendeleo. Angola inatumia hiyohiyo. Zambia vilevile. Lakini msomaji asidanganyike na neno «hiyohiyo». Watu wawili wanaweza kununua simu za aina moja na wasipigiane hata siku moja. Kila inchi ina SYDONIA yake, katika mashini zake, na habari zake zimefungwa humo. Kuziunganisha kunahitaji mkataba unaosema habari gani zitapita, nani ataziona, na nani atajibu zikivuja. Programu inaweza kuandikwa na mafundi katika muda mfupi. Sahihi za wakubwa ndizo zinazochelewa.

Mkataba mkubwa upo. Tarehe 27 mwezi wa kwanza 2023, Angola, Congo na Zambia zilitia sahihi huko Lobito ili kuunda shirika la pamoja la kurahisisha usafiri katika njia hii. Ni msingi mzuri, na kupatanisha taratibu za duane ni katika kazi ambazo shirika la namna hiyo huundwa kufanya. Kinachotakiwa sasa ni karatasi ndogo zinazofuata, zile zisizokuwa na sherehe wala muziki.

Kwa nini karatasi ndogo hizo zinachelewa? Sehemu moja ya jibu ni uzembe wa kawaida. Sehemu nyingine ni kwamba kuna watu ambao giza linawafaa. Behewa lililotangazwa Kolwezi kuwa na tani fulani haliwezi kufika Luau likiwa na tani nyingine kama duane zote mbili zinasoma ujumbe mmoja. Leo, ili kujua kama hesabu za Congo na za inchi inayopokea zinalingana, inabidi kungoja takwimu za mwisho wa mwaka, wakati mali imekwisha kuyeyushwa katika kiwanda cha mbali. Kukiwa na mfumo wa pamoja, tofauti inaonekana siku ileile, na jina la aliyetangaza liko juu yake.

Jambo hili lilikuwa na uzito tangu zamani, lakini kobalti imeliongezea. Tarehe 22 mwezi wa pili 2025, serikali ilisimamisha kutoa kobalti inje ili bei ipande. Kuanzia tarehe 16 mwezi wa kumi mwaka uleule, ilibadilisha katazo hilo kwa mgawo: tani 96.600 kwa mwaka wa 2026, na kiasi hichohicho kwa 2027. Mgawo ni hesabu. Serikali inayoipa kila kampuni kipimo chake lazima ijue ni tani ngapi zimevuka, kwa mlango gani, siku gani. Mali inatokea Kasumbalesa, Sakania, Dilolo na kwengineko. Kama kila mlango unatuma hesabu yake kwa karatasi, mgawo utakuwa mzuri kule Kinshasa tu.

Kuna pia wingi wa ofisi. Mwaka wa 2002, amri nambari 036 ilisema wazi kwamba mpakani zinatakiwa idara nne tu: duane, OCC, uhamiaji na afya ya mipakani. Zaidi ya miaka 20 imepita, na anayepita kwenye mipaka ya Congo anaweza kuhesabu mwenyewe. Kila idara iliyojiongeza imekuja na muhuri wake na malipo yake. Mfumo wa ordinatere hauna nafasi ya mtu anayesimama kando ya meza na kusema «na mimi pia». Ndiyo maana katika kila mradi wa namna hii utasikia watu wakisema kwamba inchi haijawa tayari, rezo ni mbaya, umeme unakatika.

Rezo ni mbaya kweli, na umeme unakatika kweli. Yeyote anayedharau hilo hajafika Dilolo. Lakini ujumbe wa treni moja ni mdogo kuliko picha watu wanazotumiana kwa WhatsApp kutwa nzima. Paneli za jua, betri na njia ya satelaiti kwa ofisi moja si mzigo mkubwa mbele ya mali inayopita pale. Na kwa siku ambayo yote yamekatika, karatasi ibaki, ikiwa na namba ileile ya ujumbe, ili mtambo ukirudi kusiwe na hesabu mbili.

Sheria nayo haikosi. Code ya digitali ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 inaupa mwandiko na sahihi ya kielektroniki nguvu mbele ya sheria, na inalinda habari za watu. Afisa anayedai karatasi yenye wino kwa sababu «ordinatere si ushahidi» anasimama mbali na sheria ya inchi yake.

Swali gumu zaidi ni la nani atakayeweka habari hizi. Kampuni ya upande wa Angola ina mtambo wake wa kufuata treni, na ni haki yake. Mmoja wa wenye kampuni hiyo lakini ni mfanyabiashara mkubwa wa madini. Habari za mabehewa zinasema nani anatoa shaba ngapi, kwa nani, siku gani: ni habari ambazo mfanyabiashara yeyote angelipa pesa nyingi kuzipata juu ya washindani wake. Si kumshitaki mtu kwa kosa ambalo hajalifanya. Ni kusema tu kwamba daftari kuu la mpaka lazima liwe la duane mbili, na SNCC iwe na nakala yake kamili, na kila kampuni ione mzigo wake peke yake. Kama Congo itangoja, siku moja itakuta mfumo umekwisha kujengwa na mwengine, na yenyewe itapewa nenosiri la kusomea tu.

Wadeklara wa Kolwezi na Lubumbashi wana hofu yao pia, na ni ya haki. Vijana wengi wanaishi kwa kupeleka faili kutoka ofisi moja hadi nyingine. Kazi ya kukimbia na karatasi itapungua. Ile ya kutayarisha tamko sahihi itaongezeka, kwani kosa litaonekana mbio. Serikali na vyama vyao vingeanza mafunzo sasa, mbele ya mashini kufika.

Kwengine jambo hili lilikwisha kuamuliwa. Tangu mwaka wa 2006, treni zinazotoka Ulaya kwenda Urusi na Asia zinaweza kutumia barua moja ya mzigo, inayounganisha sheria mbili za reli zilizokuwa hazisikilizani, CIM na SMGS, pasipo kuandika upya mpakani. Inchi hizo hazipendani kuliko Congo na Angola. Na reli zao hazina hata upana mmoja, wakati kutoka Lobito mpaka Sakania upana ni uleule wa milimita 1.067.

Upande wa mashariki kuna mlango mwengine ambao Kinshasa inausahau. Reli ya Tanzania ilifika Kigoma mwaka wa 1914, na ile ya Congo ikafika Kalemie mwaka wa 1915. Kati yao ni ziwa Tanganyika. Mzigo unaotoka Dar es Salaam kwa treni unapanda meli Kigoma, unashuka Kalemie, na kama reli ya SNCC inatembea, unaendelea kwenda Kabalo na Kamina. Ni kampuni mbili za reli, bandari mbili, meli moja na duane mbili. Tangu mwezi wa saba 2022, Congo ni memba kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo inchi zilizotangulia zilianza mwaka wa 2014 eneo moja la duane, mali ikitangazwa na kulipiwa kabla haijatoka bandarini. Kwa wakaaji wa Tanganyika na Kivu ya Kusini, ambao barabara zao zinakatwa na mvua na vita, kujua leo kwamba saruji ama unga umepakiwa Kigoma, kwa uzito gani na kwa meli gani, kungepunguza bei ya sokoni kuliko hotuba nyingi.

Wizara ya uchukuzi na ile ya fedha zina kazi moja ya kwanza, na haihitaji mkopo: kuita DGDA, SNCC na duane ya Angola kwenye meza moja Dilolo, si Kinshasa wala Luanda, na kuandika orodha ya habari zitakazotumwa kwa kila treni. Orodha hiyo inaingia kwenye ukurasa mmoja. Ukurasa huo ukitiwa sahihi, uchapwe na kubandikwa kwenye ukuta wa stesheni, ili mdeklara, mfanyakazi wa reli na mwenye mzigo wajue ni nini hakiruhusiwi tena kuulizwa mara mbili.