Kijana na Fedha: Tumemjaribu Lini?



Katika barua tunazoletewa na wazazi wa Musoma na Bunda, lalamiko moja halikosi kurudi: ati vijana wa leo hawajui thamani ya fedha. Akipewa asubuhi, jioni hana. Zimekwenda katika chipsi, katika soda, katika bando la simu, katika viatu vya mtumba vya mtindo aliouona kwa mwenziwe. Na kwa wengine, Mwenyezi Mungu atuhifadhi, zimekwenda katika kubeti mpira. Hatukanushi. Twaishi nao na twawaona. Lakini kila tuisomapo barua ya namna hii twatafuta ndani yake mzazi anayesema, "Nilimfundisha hivi na hivi, akakataa," nasi hatumpati. Aghlabu tunachokikuta ni kwamba kijana alipewa fedha, kisha akagombwa.

Mwezi huu twapenda kueleza kisa tulichokishuhudia wenyewe, nacho kimetufanya tubadili waadhi tuliouzoea.

Yuko mama mmoja wa Musoma, mjane, ambaye kazi yake ni kununua dagaa wabichi mwaloni, kuwaanika na kuwauza kwa wachuuzi wa mbali. Wasiolijua ziwa wapate kufahamu ya kwamba dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina nguvu, na mitumbwi hupumzika. Basi fedha katika nyumba za mwaloni hujaa na kupwa kwa kufuata mwezi, kama maji ya pwani. Siku za giza zipo, siku za mbalamwezi zimekauka. Mtoto aliyelelewa humo huziona fedha nyingi mkononi mwa mama, kisha asione hata moja, wala hapana anayemweleza kwa nini.

Mwanawe ana miaka 16, yu kidato cha tatu. Macho ya mama hayayapati vema maandishi madogo ya simu, kwa hiyo kijana ndiye aliyekuwa akimshikia simu, akimwekea na kumtolea fedha, na namba ya siri akiijua kama ajuavyo jina lake. Akaanza kubeti kwa shilingi 500. Sheria ya nchi hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza michezo hiyo. Lakini laini imesajiliwa kwa jina la mama, na simu haimtazami usoni aliyeishika. Alishinda mara ya kwanza, na huo ndio ukawa msiba wake. Kabla ya mbalamwezi kwisha, shilingi 180,000 zilikuwa zimekwenda, na juu yake pana mkopo wa simu pamoja na nyongeza yake, nyongeza ambayo sisi Waislamu twalijua jina lake. Giza lilipoingia, mitumbwi ikarudi imejaa. Mama akaenda mwaloni na ndoo zake, akafungua simu ili alipe, hapana kitu.

Tuliitwa pamoja na mjomba wa kijana tuje tusuluhishe. Twakiri kwamba tulikwenda na maneno yetu tayari: israfu, kamari, riba, na haki ya mama. Tuliyasema yote, naye akayasikiliza ameinamisha kichwa. Kisha mjomba wake, mtu asiyesema sana, akamwuliza swali ambalo sisi hatukulifikiri. "Hebu niambie, mjomba. Zile fedha ulidhani ni za nini?"

"Nilidhani ni faida," akajibu. "Mama akiuza husema, leo tumepata laki mbili. Nikajua tumepata laki mbili."

Mama akashika kichwa. Katika laki mbili ile, laki moja na nusu ilikuwa mtaji wa kununulia dagaa wa giza lijalo, elfu ishirini deni la nyavu za kuanikia, na elfu thelathini tu ndizo chakula cha nyumba. Alikuwa akiifanya hesabu hiyo kichwani mwake kila mwezi tangu alipofiwa na mumewe, na kwa miaka yote hiyo hakupata kuitamka mbele ya mtoto anayemshikia simu.

Hatusemi kwamba kutojua kulimhalalishia. Kuchukua cha mtu bila ya idhini yake ni dhulma, na kamari ni haramu hata kwa fedha ya mtu mwenyewe; hilo kijana alilijua vema, ndiyo maana akajificha. Lakini tulitoka nyumbani mwa mama yule tukiwa na haya kidogo, kwa kuwa mtoto yule ni yatima, na habari ya yatima na mali yake imekwisha kuelezwa katika Kitabu chetu, nasi twaisoma nusu.

Katika Suratun Nisaa, aya ya 6, walezi wa mayatima wameamrishwa wawatie katika majaribio mpaka wafikie umri wa kuoa, na wakiona kwao akili ya kuendesha mali, hapo wawakabidhi kilicho chao. Twapenda sana kuwahutubia watu juu ya kutokula mali ya yatima, na ni haki kufanya hivyo. Bali neno lile la kujaribu twalipita mbio. Wanazuoni hawakulipita. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza katika Minhaj, kitabu kinachotegemewa na Mashafii wa Afrika Mashariki mpaka leo, kwamba kila kijana hujaribiwa kwa kazi ya nyumba yao. Mwana wa mfanyabiashara hujaribiwa kwa kununua na kuuza na kushindania bei. Mwana wa mkulima kwa kilimo na matumizi ya wale wanaokifanya. Mwana wa fundi kwa ufundi. Na msichana kwa kusokota na pamba, na kwa kuvihifadhi vyakula visiliwe na paka. Imam alikuwa mtu wa Sham, hakuwa na habari ya Bunda wala ya nyavu za dagaa, lakini pamba ameitaja, na paka wa mwaloni hawana haja ya kuelezwa.

Yapo mambo mawili zaidi katika maneno yake. La kwanza, jaribio halitoshi mara moja. Sharti lirudiwe mara mbili au zaidi. La pili, wakati wake, kwa kauli aliyoitanguliza, ni kabla ya baleghe. Kabla! Sisi twangoja mpaka kijana aanze kuota ndevu, ndipo siku moja tumkabidhi fedha za mahitaji ya muhula mzima apande nazo basi, na akizipoteza twasema ulimwengu umeharibika. Na kwa kuwa mtoto asiyebaleghe hafungi mauziano kwa sharia, Imam amesema kijana apatane bei yeye mwenyewe, kisha mauzo yafungwe na mlezi wake. Kijana huingia katika kazi ya kweli, wala mali haitoki mkononi mwa mwenyewe.

Twende Bunda. Huko fedha ya pamba huja mara moja kwa mwaka. Kijana ameshiriki kupanda mvua zilipoanza, amepalilia, amechuma, ameubeba mzigo mpaka kwenye mizani ya chama cha msingi. Siku ya malipo baba hwenda peke yake. Kijana atajua kwamba fedha zimekuja pale atakapoona bati jipya au nguo mpya, na atajua kwamba zimekwisha pale mama atakapotumwa kukopa unga. Kati ya siku hizo mbili hapana aliyemwonyesha chochote: kilo ngapi, bei gani, kiasi gani kilikwenda kulipa dawa na mbegu, kiasi gani kiliwekwa kwa ajili ya Januari shule zifunguliwapo. Kweli, mwaka 2016 ada iliondolewa katika shule za serikali mpaka kidato cha nne, lakini sare hazikuondolewa, wala madaftari, wala nauli. Mwana wa mkulima yule, kwa kipimo cha Minhaj, ameshinda kazi ya mikono miaka kumi na hakupata kuingia katika mtihani hata mara moja.

Baba mmoja wa huko alitujibu tulipomwambia haya. "Shehe, nikimfunulia mwanangu hesabu ya nyumba, atajua nilivyo maskini." Tulimwambia kwamba hilo mwanawe analijua tangu zamani. Asilolijua ni jinsi baba yake anavyoweza kuwalisha watu saba kwa fedha ile, na kulificha jambo hilo ni kuificha sifa kubwa aliyo nayo.

Buhemba, katika wilaya ya Butiama, hali ni kinyume. Vijana wanaozunguka wachimbaji wadogo wa dhahabu na makarasha yao huzipata fedha wenyewe, tena kwa ghafula, na nyumbani hapana anayethubutu kuuliza. Hatutaki kusema mengi juu yao hapa, ila kwamba mzazi anayepokea sukari na kilo ya nyama kutoka kwa mtoto anayestahili kuwa darasani naye ameingia katika mtihani, na huenda ameshindwa.

Na tukiwa tumefika Butiama, hatuwezi kupita bila ya kumkumbuka mwenye mji. Mwalimu Julius Nyerere alitoka hapo mwaka 1934 akiwa na miaka 12, akaenda kusoma shule ya Mwisenge mjini Musoma, mwendo wa kiasi cha kilomita 40. Miaka 33 baadaye, Machi 1967, akiwa Rais, alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, na ndani yake mna jambo lililosahauliwa kuliko mengine. Watu wengi hukumbuka majembe tu, kwamba wanafunzi walime. Lakini Mwalimu alitaka pia wanafunzi washiriki katika kuamua. Alitoa mfano wa shule yenye shamba: je, fedha waliyoichuma waitumie kukodi trekta la kuandaa shamba, au walime kwa mikono yao wenyewe na fedha ile iende katika haja nyingine? Alitaka wanafunzi wenyewe wawe na sauti katika shauri kama hilo. Shule nyingi zilishika jembe zikaacha hesabu. Mwanafunzi akalima, mahindi yakauzwa, na fedha ikatumika kwa namna asiyoijua; hakuna tofauti na yule wa Bunda.

Sasa mzazi atauliza, tufanye nini sisi tusio na shamba wala duka? Twasema, anzeni na ile mnayotoa tayari. Tuchukue kijana wa mjini anayepewa shilingi 1,000 kila siku ya shule. Mwaka wa masomo una siku 194 hivi. Basi kwa mwaka amepita na shilingi 194,000 mkononi, zaidi ya zile alizopoteza kijana wa mwaloni. Lakini zimepita moja moja, kila moja imeliwa siku yake, na hakupata hata siku moja kuchagua kati ya hiki na kile. Mpe 5,000 Jumamosi kwa juma zima. Kwa yakini juma la kwanza zitakwisha Jumanne. Hapo ndipo penye kazi, na kazi hiyo ni ya mzazi: asimwongeze, asimgombeze, wala asimkopeshe kwa siri kwa mkono wa mama. Chakula cha nyumbani kipo, miguu ipo. Alhamisi ya kiporo cha ugali hufundisha zaidi ya ukurasa wetu huu. Na juma la pili apewe tena kamili, kwa kuwa jaribio, kama tulivyosema, hurudiwa.

Wengine hutuambia kwamba mtoto wa maskini hana cha kujaribiwa nacho. Si kweli. Anayetumwa sokoni na 3,000 za mboga na mafuta amekwisha kushika mali. Kinachokosekana ni kumwachia achague na kumtaka alete hesabu arudipo, hata ya shilingi 50. Na fedha ya simu isisahauliwe. Tangu huduma hizo zilipoanza nchini mwaka 2008, mali ya nyumba nyingi imekuwa tarakimu zisizoonekana, na mtoto ndiye mwalimu wa mama katika kuzifungua. Namba ya siri ibaki kwa mwenye mali, hata kama macho yake ni mabovu. Na ujumbe wa kila malipo usomwe kwa sauti, wote wawili wakisikia.

Yule mama wa dagaa hakumfukuza mwanawe, wala hakumsamehe deni. Mjomba alikopesha mtaji bila ya riba. Giza lililopita tulishuka mwaloni Mwigobero baada ya sala ya alfajiri, tukamkuta kijana akishindania bei ya ndoo na mvuvi aliyemzidi umri mara mbili, mama amesimama nyuma yake amenyamaza, simu i mkononi mwake mwenyewe na ina namba mpya ya siri. Bei ilipokubaliwa, mama ndiye aliyelipa. Kijana akatoa daftari akaandika. Juu ya ukurasa imeandikwa "deni la mama, 180,000", na chini yake ujira wake wa kuanika, unaokatwa humo kidogo kidogo. Siku ile zilibaki 141,000. Tuliomba tulitazame. Kati ya ndoo na nauli palikuwa na mstari mmoja, "chipsi 1,500", nao umekatwa kwa kalamu nzito.

"Nimeufuta mimi," mama akasema, "nimeona aibu kwa wageni."

Kijana alikuwa ameuandika tena chini yake.