Mmechukua Damu, Majibu Yako Wapi?

Kwenye foleni ya maji, kwenye mgao wa posho, hata nje ya kanisa, maneno ni yale yale: "Wanatukamata damu sana. Mwezi uliopita chupa mbili, mwezi huu tena. Sisi wa unga na maharage, hiyo damu itarudi na nini? Wanaiuza, bwana." Wajawazito wanasikia, wanaruka kliniki. Ukienda upande wa pili, kwa wenzetu wa mashirika, nako wana lao: "Hawa watu wana imani potofu, waelimisheni." Mimi leo nagombana na pande zote mbili.

Nianze na sisi wa kwenye foleni, na nianze na hesabu. Mtu mzima ana damu lita 5 hivi mwilini. Chupa moja ya maabara inachukua mililita 3 hadi 5. Kijiko cha chai ni mililita 5. Basi hata wakijaza chupa tatu, wamechukua kijiko kimoja kikubwa. Kipimo cha haraka cha malaria kinataka tone moja tu la kidole. Anayejitolea kuchangia damu hutoa mililita 450 hivi kwa mara moja, anapumzika kidogo, anarudi nyumbani kwa miguu yake. Majimaji ya damu yanarudi kwa siku moja au mbili, na chembe nyekundu zinajazwa kwa wiki chache, maana hata usipoguswa na sindano, kila chembe inaishi siku kama 120 halafu inakufa na nyingine inachukua nafasi yake. Mwili ni kiwanda, siyo pipa la maji ambalo ukichota limepungua moja kwa moja. Wenye kisukari wanajichoma kidole mara kadhaa kwa siku, miaka na miaka, na damu haijawaishia.

Na hii ya kuuza? Mfuko mmoja wa kumwongezea mgonjwa damu unabeba mililita 450 hivi. Kwa chupa za mililita 4, utahitaji chupa zaidi ya 110, zote za kundi moja la damu. Tena damu ya kuongezewa hutoka mkononi moja kwa moja na kuingia kwenye mfuko uliofungwa, ili uchafu usiingie. Damu iliyokwisha kukaa kwenye kichupa cha kipimo hakuna daktari wa kumwekea mtu. Mwizi wa namna hiyo atakufa njaa kabla hajapata mteja.

Kama kweli tunailinda damu yetu, adui tunalala naye. Minyoo ya safura mia moja ikikaa tumboni yaweza kunywa mililita 3 kila siku. Ni chupa moja ya maabara kila siku, bila foleni, bila kadi. Malaria inapasua chembe nyekundu ndani ya mwili wenyewe. Mama anayejifungua akivuja sana anaweza kupoteza nusu lita na zaidi kwa muda mfupi, na kama aliingia leba akiwa na upungufu ambao haukupimwa, hapo ndipo tunachimba kaburi. Sasa mtu anakimbia kipimo cha kijiko kimoja ili kulinda nini? Kaswende ya mama haionekani usoni, lakini inaua mtoto tumboni, na dawa yake ni sindano ya penisilini. Anayetumia dawa za VVU hupimwa wingi wa virusi baada ya miezi 6, kisha miezi 12, halafu mara moja kwa mwaka. Asipopimwa atajuaje kama dawa inafanya kazi?

Hata hivyo sitasema kipimo hakina hatari kabisa. Kwa mtoto mdogo kiasi kina maana. Mtoto wa kilo 10 ana mililita 800 hivi za damu. Aliyezaliwa njiti na kilo 1 hafiki hata mililita 100. Kwake kijiko kimoja siyo mchezo, na mtoto au mgonjwa mahututi anayetolewa damu kila siku wodini anaweza kupungukiwa kwa sababu ya vipimo vyenyewe. Hapo mzazi ana haki ya kuuliza: "Hiki cha leo ni cha nini? Cha jana hakitoshi?"

Hatari kubwa zaidi iko kwenye sindano. Mwaka 1976, huko Yambuku, kaskazini mwa Zaire ya wakati ule, hospitali ya misheni ilikuwa inatoa sindano 5 kila asubuhi kwa ajili ya wagonjwa wa siku nzima, zikisuuzwa kwa maji ya uvuguvugu kati ya mgonjwa na mgonjwa. Ebola ikapita humo. Watu 318 waliugua, 280 walikufa. Wala hawakumalizwa na wingi wa damu iliyotolewa. Ugonjwa uliingia na sindano ya mtu mwingine. Kwa hiyo, mama, baba, usisimame pale ukihesabu chupa. Angalia sindano: imefunguliwa mbele yako? Imetupwa kwenye sanduku lake baada yako? Mhudumu amevaa glovu mpya? Hayo ndiyo ya kuangalia.

Sasa nageukia kwenu, wenzetu wa vitambulisho shingoni. Mnaita imani potofu. Mnajua ilikotoka? Wakati wa Wabelgiji, timu za malale zilipita vijijini Kongo, watu wakapangwa mstari, wakapapaswa shingo, wakatobolewa damu, wengine wakachomwa mgongoni kutolewa maji ya uti wa mgongo, na hakuna aliyewauliza. Katanga walikuwa na habari za batumbula, watu wa usiku wanaokamata watu kwa ajili ya wazungu. Pwani na bara huku walikuwa na mumiani. Hadithi hizo hazikushuka na mvua. Zilizaliwa mahali ambapo mkono unachukua na mdomo hausemi kitu.

Na leo mdomo unasema nini? "Lete mkono. Kaza ngumi. Haya, mwingine." Mtu anarudi na pamba kwenye kiwiko, hajui kimepimwa nini. Akifuata majibu, anaambiwa njoo Alhamisi. Alhamisi, karatasi haionekani. Akipewa rufaa, kule wanaanza upya, damu ile ile, vipimo vile vile, kwa sababu hakuna aliyeandika kwenye kadi. Halafu mnashangaa akisema inauzwa! Mmemwachia shimo, amelijaza kwa alichonacho. Chupa ya pili isiyokuwa na sababu, ambayo ilitokana na karatasi iliyopotea, hiyo ni damu iliyochukuliwa bure, hata kama ni kijiko. Kumpa elimu mtu ambaye hamjampa majibu yake ni kumtukana kwa adabu.

Kanuni ipo tayari. Kwa kipimo cha VVU, Shirika la Afya Duniani linataka mambo matano: ridhaa, siri, ushauri, majibu sahihi, na kuunganishwa na matibabu. Sioni kwa nini ridhaa na majibu viishie kwenye VVU. Dakika moja inatosha: "Mama, nachukua chupa mbili, kama kijiko kimoja na nusu cha chai. Hii ni ya wingi wa damu, hii ni ya kaswende. Majibu ni leo saa nane, nitakuandikia kwenye kadi." Mnasema foleni ni ndefu. Ndiyo, ni ndefu. Lakini aliyekimbia kliniki atarudi usiku amebebwa kwenye machela, na hiyo itawagharimu zaidi ya dakika moja.

Wakimbizi wenzangu, tusikatae kipimo. Kukataa ni kujinyima sisi wenyewe. Twende, tutoe mkono, lakini tutoe na mdomo: unapima nini, sindano iko wapi, majibu lini. Tuyaulize kila safari, mmoja mmoja, bila matusi, mpaka wayazoee. Tukiambiwa Alhamisi, twende Alhamisi, na ikipita bila majibu, twende kwa mwenyekiti wa kijiji, yeye alipeleke kwenye kikao na watu wa afya.

Damu yetu tumewapa. Majibu yetu ni yetu. Tupeni.